Mtungi wa Mama Mkwe

Mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata kabla jua halijazama. Matanga yalipokwisha, wageni walirudi makwao na masufuria yao, nami nikabaki katika ua mmoja na mwanamke ambaye sikuruhusiwa kumtazama usoni, kumgusa, wala kumwambia neno. Alikuwa mama mkwe wangu.

Asiyetoka kusini anaweza kudhani tuligombana. La. Kwa Wamakonde wa Newala, kama kwetu Wayao wa Masasi, mkwe huheshimiwa kwa kukwepwa. Ukimwona anakuja njiani, unaingia vichakani mpaka apite. Akiwa amekaa mbele ya nyumba, wewe unazunguka nyuma. Huli mbele yake. Ukiwa na jambo la kumwambia, unamwambia mkeo, naye anamfikishia mama yake, hata kama mama yuko hatua tatu tu kutoka hapo na amekwisha kusikia yote. Kwa miaka minne mke wangu ndiye aliyekuwa akitupitishia maneno, na alizoea kutucheka. "Nyinyi wawili," alisema, "siku nikisafiri mtakufa njaa kwa adabu."

Mimi sikuwa mtu wa kukaa mahali. Nilizaliwa karibu na Nanganga, kando ya barabara, na nadhani barabara ile ndiyo iliyoniharibu. Shule niliiacha darasa la tatu. Sikufukuzwa. Alipita fundi wa baiskeli, nikataka kujua anazibaje pancha bila kulivua gurudumu, nikamfuata, na nilipokuja kushtuka tulikuwa Nachingwea. Uhuru ulinikuta katika kambi ya vibarua wa barabara, nikiponda kokoto. Baadaye nikabeba magunia ya korosho Tandahimba, na huko ndiko niliposikia kwamba Newala, ukingoni kabisa mwa nchi ile ya juu, kuna watu wanaoshuka bondeni asubuhi kufuata maji na kurudi nayo adhuhuri, na bado hawataki kuhama. Nikaenda kuwaona watu wa namna hiyo. Mmoja wao nikamwoa.

Kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Nikajenga katika ua wa mama mkwe, nyumba yangu upande huu, yake upande ule, jiko katikati. Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kupigana na Wareno pamoja na ndugu wa ng'ambo, na tangu avuke hatukupata salamu yake. Macho ya mama yenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Siku ya kuvunja matanga, watani walifanya kazi yao. Jirani yetu mmoja, mama wa Kimakonde mwenye sauti inayosikika mashamba matatu, alivaa shati langu, akaning'iniza begi langu begani, akazunguka uani kwa hatua ndefu.

"Mimi Myao!" alipiga kelele. "Nimekula ugali wa Wamakonde miaka minne! Mke kafa, naondoka zangu! Kesho mnitafute Songea!"

Watu walicheka machozi yakiwatoka. Nami nilicheka. Lakini begi lile lilikuwa limefungwa kweli. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe asubuhi.

Kesho yake niliamka mapema, nikawa navaa viatu. Karibu na jiko ulisimama mtungi mweusi wenye nakshi shingoni, mtungi ambao mama mkwe aliufinyanga kwa mikono yake alipokuwa bado msichana. Sauti ikatoka nyumbani kwake.

"Mtungi! Mwambie huyo mtu kwamba umebaki mkavu."

Nikasimama. Uani hakukuwa na mtu mwingine, kuku tu. Mtungi haukusema kitu. Nikakohoa, nikageukia ukuta.

"Mtungi, mwambie mama shikamoo. Mwambie nimesikia, nashuka bondeni."

"Mwambie marahaba. Mwambie mteremko wa pili una utelezi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nikavua viatu vya safari, nikachukua mzega, ule mti wa kubebea debe mbili begani, nikashuka. Kisimani nilikuwa mwanamume peke yangu. Wanawake walinipisha kwa heshima, kisha wakashindwa kujizuia.

"Shemeji, mkeo umemzika au umemrithi?"

"Karibu, shoga! Kesho utatusuka nywele?"

Nilichota maji nikapanda nayo. Sikuwa nimepata kujua jinsi mlima ule unavyokata pumzi. Nilikuwa nikiyanywa maji yale kwa miaka minne na nilidhani nayajua.

Nikajiambia nitaondoka baada ya arobaini. Arobaini ikapita, nikasema baada ya mavuno. Mama alilima kwa kupapasa, akitofautisha magugu na mihogo kwa vidole, nami nililima sehemu ya mbali ya shamba nikiwa nimempa mgongo. Jioni aliacha sahani yangu jikoni, akaondoka, kisha mtungi ukaniambia chakula kiko tayari. Mtungi ule ulipokea mambo mengi. Uliambiwa kwamba nakoroma. Uliambiwa kwamba marehemu alipenda majani ya kunde yenye karanga, na siku ile hakuna aliyeuambia kitu kingine mpaka usiku.

Lakini swali lilikuwa limenikaa, na mimi swali likinikaa silali. Mwanamke huyu sasa ni nani kwangu? Nikaenda kwa fundi cherehani, mtu wa Mikindani aliyefungua duka dogo kijijini na ambaye ndiye aliyekuwa akituswalisha. Alikuwa na elimu ya dini na hakuwa na subira hata kidogo. Nilimkuta ana uzi mdomoni.

"Mwalimu, mke akifa, mkwe anakuwa nani?"

"Anakuwa mkwe. Ulitaka awe nani?"

"Lakini aliyetuunganisha hayupo tena."

Akatoa uzi mdomoni, akaniangalia kama mtu aliyeletewa suruali iliyochanika vibaya. "Sikiliza. Mkeo amekufa, unaweza kuoa mwingine kesho. Mama yake huwezi kumwoa hata dunia ibaki na nyinyi wawili tu. Tangu siku uliyofunga nikaha na binti yake amekuwa maharimu wako, na atakuwa hivyo mpaka mnaingia kaburini. Mwanamke mwingine ambaye yuko hivyo kwako ni nani?"

"Mama yangu."

"Basi umejibu mwenyewe. Na kumtendea mema mama ni ibada, si hisani. Hupewi asante kwa kuswali."

"Kwa hiyo naweza kumshika mkono nikamwongoza? Haoni vizuri."

"Kwa dini, ruhusa. Kwa Wamakonde, kawaulize Wamakonde. Mimi nashona suruali."

Nilirudi nikifikiri. Dini ilisema nimshike mkono, mila ilisema nisimguse, na zote mbili zilikuwa zinamheshimu mtu yule yule. Siku iliyofuata alipotaka kwenda shambani, niliushika mti wa mzega ncha moja, ncha nyingine nikaielekeza nyuma yangu mpaka ikagusa kanga yake. Hakuuliza kitu. Akaishika. Tukaenda hivyo, mimi mbele bila kugeuka, yeye nyuma, na nilipofika kwenye mzizi nilisema kwa sauti, kana kwamba nauambia mti, "Mzizi." Jirani yetu mtani alituona akasimama na jembe lake. Alifungua mdomo atutanie, kisha akatupisha njia.

Mwaka uliofuata tukaambiwa tuhame. Tulikuwa karibu mno na mpaka; alasiri nyingine tulisikia mizinga kutoka ng'ambo ya mto, na kuku walikimbilia chini ya maghala. Tulitakiwa kwenda katika kijiji cha ujamaa, kando ya barabara inayoteremka kwenda Masasi. Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari kuandika kaya za kugawiwa viwanja.

"Kaya hii mkuu wake nani?"

"Mimi."

"Wewe si mkwe tu? Na mkeo si tulimzika?"

"Ndugu balozi, andika."

Akaandika. Nakiri kwamba sikujiandikisha ili nikae. Nilijiandikisha ili mama apate kiwanja chake badala ya kusukumwa kwenye kona ya nyumba ya mtu. Nilikusudia kumjengea, kisha niende zangu.

Yeye alikataa kuhama. "Mtungi, mwambie huyo mtu aende na wenzake. Mwanangu akirudi atanikuta wapi?"

Kesho yake nilichukua panga, nikaenda kwenye mkorosho mkubwa ulio mbele ya ua, nikachonga mshale unaoelekea barabarani, na chini yake jina la kijiji kipya kwa herufi zangu za darasa la tatu. Ilinichukua asubuhi nzima.

"Mtungi, mwambie mama nimemwandikia shemeji kwenye mti. Anajua kusoma?"

"Mwambie anajua kuliko yeye." Kisha sauti ikaongeza: "Mwambie anifungie mkeka wangu."

Lori lililokuja kutuhamisha lilikuwa na dereva kijana wa Iringa, mcheshi, mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Tulipokuwa tunapakia mizigo aliniuliza nimefika wapi na wapi, nikamtajia.

"Ndugu, wewe umezaliwa utingo ila hujaambiwa," alisema. "Wangu ameoa, hataki tena safari. Baada ya siku tatu napita hapo kijijini kwenu kipya. Songea, Njombe, mpaka Mbeya. Kuna mahali watu wanaota moto mchana!"

Watu wanaota moto mchana. Nilitaka kuwaona kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nikamwambia nitakuwa tayari. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka wake hatua chache kutoka pale, kichwa kimefunikwa kanga, na alisikia kila neno.

Tulisafiri tukiwa tumejazana na mbuzi na milango. Mtungi niliukumbatia mwenyewe, maana mama hakumwamini mtu mwingine. Tulipofika nilishuka kwanza, nikauweka mtungi begani, nikampelekea ncha ya mzega ashuke kwa kuifuata. Akaishika. Mguu wake ukatafuta ngazi ya lori, ukaikosa.

Nilimwona anakuja kichwa mbele. Nikaachia mzega, nikaachia mtungi, nikamdaka kwa mikono miwili kifuani pangu.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni mtungi ukipasuka. Kisha nikaona kijiji kizima kinatutazama. Mtu na mkwewe wamekumbatiana mchana kweupe. Nikamwachia chini taratibu nikageuza uso.

"Yarabi!" Ilikuwa sauti ya mtani wetu, juu ya lori. "Myao kamdaka mkwewe kama gunia la korosho! Kuku! Atoe kuku!"

Ndiyo mila: ukimgusa mkwe, hata kwa bahati mbaya, unatoa kuku wa kuondoa aibu. Nilimtoa siku ile ile, na mtani alimla bila aibu yoyote. Lakini mama alijifunika uso kwa kanga. Siku ile hakusema kitu. Siku ya pili vivyo hivyo. Niliokota vigae vya mtungi nikavipanga pembeni, na nilipoviona nilielewa kwamba hatukuwa tena na wa kutupitishia maneno. Nilijenga nyumba yake kwa msaada wa majirani, nikakandika udongo, nikamletea maji katika debe, na yeye aliyapokea bila kuniambia, wala kukiambia kitu chochote, neno hata moja. Nikajua amekasirika. Nikafikiri ni afadhali hivyo, itakuwa rahisi kuondoka.

Siku ya tatu honi ikalia barabarani. Nikachukua begi langu, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba yake mpya.

"Ukuta," nikasema, "mwambie mama…"

"Ukuta bado mbichi," sauti ikasema kutoka ndani. "Haujajua kusema. Sema na mimi."

Katika miaka yote ile hakuwahi kunielekezea neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Lori limekuja."

"Nimelisikia. Ukungu uko machoni, masikioni haumo." Nikamsikia akijisogeza karibu na ukuta. "Mtungi ule niliufinyanga kabla sijazaa mtoto hata mmoja. Kila kilichonipata kiliukuta pale. Siku tatu hizi nimekaa nikijiuliza nikukasirikie au nikushukuru. Halafu nikahesabu watu waliobaki duniani ambao wangeuacha uvunjike ili mimi nisivunjike. Nimempata mmoja. Basi nenda, baba. Umekwisha kunijengea. Mungu akutangulie, ukawaone hao wanaoota moto mchana."

Kama angelia, ningeondoka. Machozi nimeyakimbia maisha yangu yote. Kama angenishika nibaki, ningeondoka mbio zaidi. Lakini alinifungulia mlango mwenyewe, akaniita mwanawe, akanitakia heri, kisha akabaki gizani kwake bila kuomba hata kikombe cha maji. Honi ikalia tena.

Nikaweka begi chini, nikaokota mzega.

"Mama," nikasema, "hapa kisima kiko upande gani?"

Sauti ilipotoka ilikuwa imebadilika. "Mimi nimefika nawe siku moja, unaniuliza mimi? Kaulize wenye macho."

Barabarani dereva aliniona napita na debe mbili badala ya begi. Akatoa kichwa dirishani. "Myao asiyetaka safari! Ndugu zangu, dunia imefika mwisho!" Akaondoka, na vumbi lake likanikuta njiani. Sikujisikia mtu aliyepoteza. Nilitembea kifua mbele, debe zikigongana, kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilikaa naye miaka kumi na miwili. Tuliongea sasa, bila mtungi, lakini kutazamana hatukutazamana. Hilo tulilibakiza wote wawili bila kuambizana. Nilimpeleka hospitali Mkomaindo, yeye nyuma yangu na ncha ya mzega, mpaka watu wa Masasi wakasimama kutuangalia. Daktari akamwondoa mtoto wa jicho upande mmoja, na siku kitambaa kilipofunguliwa nilikuwa nimesimama mbele yake nimegeukia mlango.

"Kumbe mkwe wangu ana kovu kisogoni," alisema.

"Nilianguka kwenye baiskeli, mama."

"Kisogo kizuri. Nilikidhania kibaya zaidi."

Kwa jicho lile moja alifinyanga mtungi mwingine. Ule haukuwahi kutumwa neno. Ulikaa tu na maji yake. Na kila mwaka baada ya mavuno nilirudi kwenye ule mkorosho wa zamani, kwa sababu mti huponya jeraha lake, nikachonga upya mshale na zile herufi. Vita viliisha, Msumbiji ikapata uhuru wake, watu wakavuka kurudi huku na huko. Shemeji hakurudi. Nilichonga tu.

Alifariki mwezi wa mihogo mipya, baada ya swala ya asubuhi. Fundi wa Mikindani, mzee sasa, ndiye aliyemswalia. Tulipofika makaburini akauliza kwa ile sauti yake isiyo na subira, ingawa jibu alilijua.

"Maharimu wa marehemu nani hapa? Nani anashuka kumpokea?"

Alikuwa hana kaka aliye hai, hana mwana aliyeonekana. Wamakonde walijaa pale, watu wa ukoo wake wa mbali na majirani zake wa tangu ukingoni mwa bonde, na wote wakanigeukia mimi, Myao wa Nanganga.

"Mimi," nikasema.

Nikashuka. Wakatanda kanga juu ya kaburi, kama inavyofanywa kwa mwanamke, wakamteremsha mikononi mwangu. Hakuwa mzito. Nilimlaza katika mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, nikamwelekeza kibla. Kisha inabidi kuifungua sanda kidogo usoni ili shavu liguse mchanga. Juu yangu kulikuwa na kanga tu na mwanga mwekundu ukipita ndani yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kuniona.

Nikafumba macho. Nikazifungua kamba za sanda kwa kupapasa, nikalilaza shavu lake kwenye mchanga, nikaweka bonge la udongo nyuma ya kichwa kisigeuke. Macho niliyafumbua nilipokwisha kumpa mgongo.

"Myao!" mtani wetu aliita kutoka mbali, waliposimama wanawake, sauti yake imejaa machozi. "Toka huko! Au na hapo umekwisha kuandikisha kiwanja?"

Nikatoka, nikaomba jembe la kufukia.